Maana ya "Mbele Yangu" katika Uthibitishaji wa Nyaraka kwa Njia ya Mtandao: Mfano wa Nanganga, Wilaya ya Masasi

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna uthibitishaji wa nyaraka kwa njia ya mtandao unavyofanya kazi na kuchunguza masharti yanayopaswa kutimizwa ili utaratibu huo uwafae wakazi wa Nanganga, mkoani Mtwara. Hoja kuu ni kwamba kinachohamishiwa mtandaoni si muhuri wala saini, bali ni kule kuwapo kwa mtia saini mbele ya anayemthibitisha. Sheria ya Tanzania imekwisha kuitambua saini ya kielektroniki, lakini maneno "mbele yangu" na sharti la kutaja mahali kiapo kilipofanyika bado yanasubiri tafsiri. Makala inahitimisha kwa kupendekeza utaratibu mseto, ambamo picha ya video inasaidiwa na shahidi wa mahali hapo.

Maneno ya msingi: hati ya kiapo, jurati, saini ya kielektroniki, utambulisho, Nanganga.

1.0 Utangulizi

Nanganga ipo kando ya barabara kuu itokayo Mingoyo kwenda Masasi, mahali inapochepuka barabara ya Ruangwa. Kijiografia ni bondeni, chini ya Uwanda wa Makonde ambao Newala imekaa ukingoni mwake. Kwa msafiri ni njia panda ya kushukia na kupanda gari. Kwa mkazi mwenye shida ya hati, ni mahali pa kuanzia safari, kwa sababu ofisi za mawakili kwa kawaida hupatikana mijini, Masasi au Mtwara, na si katika vijiji.

Shida ya hati katika eneo hili si ya nadra. Mfano wa kwanza ni tofauti ya majina. Katika jamii za Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, kijana anayetoka jandoni huweza kupewa jina jipya, na jina la utotoni likaachwa. Mtu huyohuyo huweza kuwa na jina la ubatizo au la Kiislamu, jina la ukoo, na jina alilojulikana nalo shuleni. Tofauti hiyo haikuwa tatizo wakati ambapo kila mtu alijulikana kwa sura. Imekuwa tatizo tangu korosho zilipoanza kuuzwa kupitia vyama vya msingi na mfumo wa stakabadhi ghalani, kwa kuwa malipo huingia benki na jina la kwenye akaunti hupaswa kulingana na jina la kwenye kitambulisho cha taifa na lile la kwenye daftari la chama. Pale majina yanapopishana, mkulima hutakiwa kuleta hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja.

Mfano wa pili ni wa mirathi. Jamii zilizotajwa zimejulikana kwa kufuata ukoo wa mama, ambapo mjomba na wapwa wana sauti kubwa katika mali ya ukoo. Mkulima anapofariki na kuacha mikorosho, madai ya watoto, mjane na ukoo wa mama huweza kugongana. Karatasi moja yenye saini au dole gumba, ikieleza kwamba mtu fulani ameridhia au ameachia haki yake, huweza kuamua nani atavuna. Kwa hiyo, swali la nani aliweka dole hilo, wapi, na kwa hiari ya nani, ni swali la mali na riziki.

Ni katika mazingira hayo ndipo uthibitishaji kwa njia ya mtandao unapovutia. Mkulima angeweza kuapa akiwa Nanganga, mbele ya kamishna wa viapo aliyeko Mtwara, bila kupoteza siku nzima ya msimu wa korosho barabarani. Kabla ya kuupokea au kuukataa utaratibu huo, ni muhimu kuelewa unafanya nini hasa.

2.0 Kazi nne za mthibitishaji

Katika Tanzania Bara, kazi hii inaongozwa na Sheria ya Wathibitishaji wa Umma na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12. Kwa kawaida hufanywa na mawakili waliosajiliwa kwa ajili hiyo, ingawa mahakimu nao huapisha. Muhuri ndio unaoonekana na watu wengi, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa ndio uthibitisho wenyewe. Muhuri, hata hivyo, ni ishara tu kwamba kazi nne zimekwisha kufanyika.

Kazi ya kwanza ni utambuzi: kuhakikisha kwamba aliyekuja ndiye anayetajwa kwenye hati. Jurati, yaani sehemu ya mwisho ya hati ya kiapo inayojazwa na anayeapisha, hueleza ama kwamba muapaji anafahamika kwa kamishna mwenyewe, au kwamba ametambulishwa kwake na mtu ambaye kamishna anamfahamu. Kazi ya pili ni ushuhuda: kuona saini au dole likiwekwa, na kusikia kiapo kikitamkwa. Kazi ya tatu ni kupima uelewa na hiari: kujiridhisha kwamba muapaji ameielewa hati na hakushurutishwa. Kazi hii ina uzito wa pekee kwa mtu asiyejua kusoma, ambaye lazima asomewe na kufafanuliwa kabla ya kuweka dole. Kazi ya nne ni kumbukumbu: kuandika jina la aliyeapisha, mahali na tarehe, ili siku ya mgogoro pawepo pa kuanzia.

Uthibitishaji wa mtandaoni unapaswa kupimwa kwa kazi hizo nne. Mfumo unaoiga muhuri peke yake, kwa kubandika picha ya muhuri kwenye faili, haujathibitisha chochote.

3.0 Namna utaratibu wa mtandaoni unavyofanya kazi

Katika nchi ambazo utaratibu huu umehalalishwa, hatua zake hufanana kwa kiasi kikubwa. Mtia saini huanza kwa kupakia hati katika jukwaa maalumu. Hati hiyo haipaswi kutiwa saini wakati huo, maana kitendo cha kusaini ndicho kinachohitaji kushuhudiwa.

Hatua inayofuata ni utambuzi, ambao hufanywa kwa njia zaidi ya moja. Kitambulisho hupigwa picha pande zote, na programu hukagua alama zake za usalama. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu pia huulizwa maswali yanayotokana na historia yake ya mikopo na makazi, kwa muda uliopimwa, kwa matarajio kwamba mwizi wa kitambulisho hatajua majibu. Mahali pengine sura ya mtu hulinganishwa na picha iliyo kwenye kitambulisho, au alama zake za vidole hulinganishwa na zilizohifadhiwa.

Baada ya utambuzi, mtia saini na mthibitishaji hukutana kwa video ya moja kwa moja, ambamo kila mmoja humwona na kumsikia mwenzake wakati huohuo. Mthibitishaji huuliza jina, huuliza kama hati imeeleweka, huuliza nani mwingine yupo chumbani, na huapisha kwa maneno yaleyale ambayo angeyatumia ofisini. Kisha mtia saini huweka saini ya kielektroniki huku akionekana, na mthibitishaji huweka yake pamoja na muhuri wa kielektroniki.

Hapo ndipo hesabu za kompyuta zinapoingia, na ni sehemu inayohitaji ufafanuzi. Programu huyasoma maudhui yote ya hati na kukokotoa mfuatano mfupi wa tarakimu na herufi, ambao unaweza kuitwa alama ya kidole ya hati. Herufi moja ikibadilishwa, mfuatano huo hubadilika kabisa. Alama hiyo hufungwa kwa ufunguo wa siri ambao mthibitishaji peke yake anautawala. Ufunguo huo una mwenzake, ufunguo wa wazi, ambao mtu yeyote anaweza kuutumia kukagua. Benki au mahakama inapoipokea hati, hukokotoa upya alama ya kidole na kuilinganisha na iliyofungwa. Zikilingana, mambo mawili yamethibitika: hati haijaguswa tangu iliposainiwa, na saini ilitokana na ufunguo wa mthibitishaji huyo. Uhusiano wa ufunguo na jina la mwenyewe huthibitishwa na cheti cha kidijiti kinachotolewa na mtoa huduma anayeaminika.

Mwisho, mfumo huhifadhi video nzima ya kikao pamoja na daftari la matukio, yaani nani aliingia saa ngapi na alifanya nini. Katika sheria ya Jimbo la Virginia, kumbukumbu hiyo hutakiwa kutunzwa kwa muda usiopungua miaka 5.

Yafaa kutambua mpaka wa hesabu hizo. Zinalinda karatasi dhidi ya kughushiwa baada ya kusainiwa, lakini hazisemi lolote kuhusu nani alikuwa amesimama nyuma ya kamera akimkodolea macho mjane anayesaini. Udhaifu mkubwa wa utaratibu huu umo katika kazi ya kwanza na ya tatu, na umezidi kuwa mkubwa kadiri akili unde inavyorahisisha utengenezaji wa sura na sauti za kughushi.

4.0 Hali ya sheria nchini Tanzania

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliweka msingi kwa kuitambua saini ya kielektroniki. Saini iliyo salama, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni ile inayomhusu mtumiaji mmoja tu, inayoweza kumtambulisha, iliyo chini ya udhibiti wake peke yake, na iliyofungamanishwa na hati kwa namna ambayo badiliko lolote litaonekana. Masharti hayo ndiyo hasa yanayotimizwa na mfumo wa funguo mbili ulioelezwa hapo juu. Sheria hiyo pia inagusa uthibitishaji wenyewe: pale ambapo sheria nyingine inataka hati ithibitishwe au iapiwe, saini ya kielektroniki ya mtu mwenye mamlaka hayo inaweza kukidhi sharti hilo.

Kwa mtazamo wa haraka, mlango unaonekana kuwa wazi. Hata hivyo, saini ya kielektroniki na kuwapo kwa mbali ni mambo mawili tofauti. Kamishna anaweza kuweka saini ya kielektroniki huku muapaji ameketi mezani pake. Hapo karatasi ndiyo iliyobadilika, si ukaribu. Kifungu cha 8 cha Sura ya 12 kinamtaka anayeapisha aeleze kwa ukweli katika jurati ni mahali gani na tarehe gani kiapo kilifanyika, na marekebisho ya mwaka 2016 yakaongeza sharti la kuandika jina lake. Katika shauri la D.B. Shapriya and Company Limited dhidi ya Bish International B.V. la mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba kutotaja mahali katika jurati ni kasoro inayoharibu hati ya kiapo.

Uamuzi huo unaleta swali ambalo halikuwapo wakati sheria ilipotungwa. Ikiwa muapaji yuko Nanganga na kamishna yuko Mtwara, kiapo kimefanyika wapi? Akiandika "Mtwara", kamishna amesema kweli kuhusu yeye mwenyewe lakini si kuhusu muapaji. Akiandika "Nanganga", amesema kweli kuhusu muapaji lakini si kuhusu yeye mwenyewe. Sheria inamtaka aeleze kwa ukweli, na fomu ya jurati ina nafasi ya mahali pamoja tu. Kamishna anayetumia video bila mwongozo wa kisheria anaiweka hati ya mteja wake katika hatari ya kuondolewa mahakamani kwa pingamizi la awali, pengine miaka kadhaa baada ya gharama kulipwa.

Kwa upande mwingine, Mahakama ya Tanzania yenyewe imekwisha kupokea ushahidi kwa mbali. Kanuni za uwasilishaji wa nyaraka kwa njia ya kielektroniki zilitolewa mwaka 2018, na kanuni za uendeshaji wa mashauri kwa njia ya mtandao zikafuata mwaka 2021. Shahidi anaweza kuapa na kuhojiwa kwa video huku hakimu au jaji akiwa mji mwingine. Kwa mantiki hiyo, ni vigumu kudai kwamba kiapo kinachopita katika waya kinapungukiwa na asili ya kiapo. Tofauti iliyopo ni ya mazingira: katika shauri kuna jaji, mawakili wa pande zote, na kanuni zinazoongoza kikao kizima. Katika hati ya kiapo yupo kamishna peke yake, na hakuna upande wa pili wa kumuuliza.

5.0 Uzoefu wa nchi nyingine

Jimbo la Virginia lilikuwa la kwanza nchini Marekani kuruhusu utaratibu huu, kwa sheria ya mwaka 2011 iliyoanza kutumika Julai 2012. Swali la mahali lilijibiwa kwa sheria: kitendo huchukuliwa kuwa kimefanyika alipo mthibitishaji, ambaye ni lazima awe ndani ya jimbo, ilhali mtia saini anaweza kuwa popote. Majimbo mengi yaliyofuata, hasa baada ya janga la UVIKO-19 mwaka 2020, yalichukua njia hiyohiyo. Funzo lake ni kwamba utata wa mahali unatatuliwa kwa sentensi moja ya sheria, mradi bunge liiandike.

Uzoefu wa Afrika Kusini unaonyesha kinachotokea sentensi hiyo inapokosekana. Mwaka 2021, katika shauri la Knuttel dhidi ya Bhana, Mahakama Kuu ya Gauteng iliipokea hati iliyoapwa kwa simu ya video kwa sababu muapaji alikuwa na maambukizi ya UVIKO-19, ikiona kwamba kusudi la kanuni lilikuwa limetimizwa. Mwaka 2024, kampuni ya LexisNexis ilipoiomba mahakama itamke kwamba maneno "mbele ya" kamishna yanajumuisha kuwapo kwa video, ombi hilo lilikataliwa: maneno hayo yalihesabiwa kuwa yanadai ukaribu wa kimwili, na mabadiliko yakaonekana kuwa kazi ya watunga sheria. Ukisomwa pamoja, uamuzi wa kwanza na wa pili unafundisha kwamba huruma ya mahakama kwa tukio moja si sawa na ruhusa kwa watu wote.

6.0 Utaratibu huu unapofikishwa Nanganga

Hoja inayotolewa mara nyingi dhidi ya utaratibu wa mtandaoni vijijini ni uhaba wa intaneti na simu janja. Hoja hiyo ni ya kweli lakini si ya msingi, kwa kuwa vifaa huongezeka mwaka hadi mwaka. Ugumu wa kudumu uko katika kuhamisha njia za utambuzi zilizobuniwa kwingine. Maswali yanayotokana na historia ya mikopo hayana maana kwa mkulima ambaye mikopo yake ya pembejeo imo katika daftari la chama cha msingi. Kinyume chake, eneo hili lina njia mbili za utambuzi zenye nguvu zaidi.

Njia ya kwanza ni alama za vidole. Wakazi waliosajiliwa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa wamekwisha kuchukuliwa alama hizo, na usajili wa laini za simu kwa alama za vidole umewazoesha kulinganishwa nazo kupitia kifaa kidogo cha wakala wa mtandao wa simu. Kwa mtu anayesaini kwa dole gumba, njia hii ni mwendelezo wa desturi aliyonayo. Inadai, hata hivyo, uangalifu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwani nywila iliyovuja hubadilishwa, lakini kidole hakibadilishwi.

Njia ya pili ni ya kale zaidi: kutambulishwa na mtu. Jurati yenyewe inaruhusu muapaji atambulishwe na mtu ambaye kamishna anamfahamu. Mtendaji wa kijiji, ambaye barua yake ya utambulisho hutakiwa karibu kila mahali, anamfahamu muapaji kwa sura, kwa ukoo, na mara nyingi kwa majina yake yote mawili, la kabla ya jando na la baadaye. Hakuna kanzidata inayojua hilo.

Kutokana na hayo, utaratibu unaofaa ni wa mseto. Muapaji angekwenda katika ofisi ya kijiji au ya kata, ambako mtendaji au ofisa mwingine aliyeidhinishwa angehakiki alama za vidole, angetoa nje ndugu na wenye maslahi, na kubaki kama shahidi wa mahali hapo. Kamishna aliye mjini angeapisha kwa video, akisoma hati kwa Kiswahili au kupitia mkalimani wa Kimakua au Kimwera inapobidi. Jurati ingetaja mahali pawili: alipo kamishna na alipo muapaji. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokipa Kiswahili nafasi katika sheria na mahakama yanaisaidia hatua hii, maana hati inayosomwa kwa lugha ambayo muapaji anaielewa hupunguza hatari ya udanganyifu.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba mtendaji naye ni mwanakijiji, mwenye ndugu na upande wake. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu kanuni inayomzuia kamishna kuapisha katika jambo ambalo ana maslahi inapaswa kumhusu na shahidi wa mahali hapo pia. Aidha, video iliyohifadhiwa ingemlinda muapaji dhidi ya kamishna na shahidi wote wawili.

Hapa ndipo ulinganisho na hali ya sasa unapokuwa muhimu. Hati ya karatasi inaweza kutumwa mjini kwa mkono wa kondakta wa basi na kurudi imegongwa muhuri, ikisema "mbele yangu", bila muapaji kutoka nyumbani kwake. Hakuna alama yoyote katika karatasi hiyo itakayoonyesha kwamba maneno hayo si kweli. Anayesisitiza ukaribu wa kimwili kama kinga pekee anapaswa kueleza ukaribu huo unathibitishwaje. Utaratibu wa mtandaoni uliowekewa masharti unaacha ushahidi wa kikao chenyewe, na kwa sababu hiyo uongo unakuwa mgumu zaidi kuliko ilivyo kwenye karatasi.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba uthibitishaji wa nyaraka kwa njia ya mtandao ni mkusanyiko wa vibadala vya kuwapo: kitambulisho badala ya kufahamiana, video badala ya meza, funguo badala ya wino, na kumbukumbu badala ya neno la kamishna peke yake. Baadhi ya vibadala hivyo vina nguvu kuliko asili yake. Kimoja, kile cha kupima hiari, ni dhaifu kuliko asili, na hakiwezi kuimarishwa kwa teknolojia pekee.

Kwa Tanzania, hatua inayohitajika ni ndogo kimaandishi na kubwa kimatokeo: marekebisho ya Sura ya 12 yatakayofafanua maana ya "mbele yangu", yatakayotaja mahali pawili katika jurati, na yatakayoweka masharti ya shahidi wa mahali hapo na ya kuhifadhi video. Hati za wosia na za uhamisho wa ardhi zingefaa kubaki nje ya utaratibu huo kwa kuanzia, hadi uzoefu utakapopatikana kutokana na hati nyepesi kama viapo vya majina. Mpaka marekebisho hayo yafanyike, mkulima wa Nanganga mwenye majina mawili ataendelea kupanda gari kwenda Masasi. Ni usumbufu, lakini ni salama zaidi kuliko hati ya video isiyo na kifungu cha kuilinda mahakamani.